Usiseme "Umesikia" Mbele ya Kidonda

Mliponiaga mwezi uliopita mlinipa saa ya ukutani na blanketi, na yule binti wa wodi ya majeruhi akasoma risala akisema Mzee Bakari ni mkali bila sababu. Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha mkaniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa zamani. Vyeo vyangu vimo kwenye faili, anayevitaka akavisome. Mimi nitaandika habari ya ukali mmoja tu, ule mnaonicheka nao zaidi: kwamba muuguzi akifungua kidonda akamwuliza mwenzake "umesikia?", mimi humkatiza papo hapo na kumtaka aseme "kinanuka?" Sababu ipo. Ni ya miaka ya hamsini, na nimekaa nayo peke yangu mpaka leo.

Nilianza kazi mwaka ule Mfalme wa Waingereza alipokufa akarithiwa na binti yake. Nilitoka kwetu Ngamiani kwa baiskeli ya kuazima mpaka hospitali ya shamba moja la mkonge, upande wa kwenda Muheza. Jina la shamba silitaji, na siku hizi lenyewe ni pori. Hospitali ilikuwa banda refu la mabati lenye vitanda ishirini, na aliyelijenga bila shaka hakuwa na pua, maana aliliweka pale pale upepo unapopeleka uchafu wa korona, yaani kiwanda cha kusaga mkonge. Upande mmoja yalipita maji ya korona yenye uvundo wa kuchacha. Upande wa pili kulikuwa na chumba cha brashi, ambako nyuzi zilisafishwa na vumbi jeupe likatoka kutwa. Vumbi hilo lilikaa juu ya shuka, juu ya uji wa wagonjwa, na ndani ya vichwa vyetu.

Daktari alikuwa Mhindi mpole aliyehudumia mashamba matatu. Kwetu alikuja Jumanne na Ijumaa. Manamba, yaani vibarua walioletwa kwa mkataba kutoka mikoa ya mbali, walimwita Taratibu, kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni. Siku nyingine zote hospitali ilikuwa mikononi mwa Mzee Semhando, dresa mkuu. Dresa ndiye mfunga vidonda, lakini kwa Mzee Semhando alikuwa pia mpishi wa dawa, mwandishi wa barua za wagonjwa, na mtu wa kugombana na karani kuhusu sabuni. Alikuwa Mbondei, mtu mzima, mkavu wa maneno. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, akanitazama kuanzia viatu kwenda juu, akasema viatu vinatosha, tutaona hayo mengine.

Vifaa vilikuwa vichache. Koleo mbili, sahani ya chuma yenye umbo la figo, ndoo ya bati yenye kifuniko, na bendeji tulizozifua, tukazichemsha na kuzikunja tena mpaka zikawa nyepesi kama chandarua. Kifaa cha tano, alisema Mzee, ni pua. Bendeji chafu haikuingia ndooni kabla ya kupita chini ya pua mbili, ya aliyefungua na ya mwenzake. Usaha wa kawaida una harufu yake, usiuogope. Usaha wa kijani hunuka tunda lililoiva mno. Lakini ukisikia utamu, utamu wa fenesi lililopasuka juani, hapo usimalize hata kufunga, kwa kuwa mguu umeanza kufa na mwenye mguu atafuata.

Baada ya kunusa aliuliza: umesikia? Kwa Kiswahili chetu harufu husikiwa, kama sauti inavyosikiwa, na kama amri inavyosikiwa. Shikeni hilo. Ukijibu "sijasikia", bendeji inakwenda ndooni na maisha yanaendelea. Ukijibu "nimesikia", umekibeba kidonda kile. Ni juu yako kukitia alama ya wino mwekundu kitabuni na kumwambia Daktari, na mwingine hakigusi tena. Siku ile ya kwanza Mzee aliniagiza nichemshe maji, akamaliza kwa kusema umesikia. Nikajibu nimesikia, mzee. Akainua pua hewani, akaniuliza maji hayo yananukaje. Wagonjwa wakacheka mpaka mmoja akashika mshono wake.

Miaka miwili ya mwanzo pua yangu ilikuwa njema. Nilibeba vidonda kama kumi na vyote vikapona. Mzee alinisifu mara moja, kwa kusema sijamtia aibu.

Kisha yakaja mafua, yakakataa kuondoka. Kwanza niliyadharau, nani asiyekuwa na mafua kwenye vumbi lile? Lakini mvua zikaja zikapita, nami bado nakohoa makamasi mazito ya manjano. Kipandauso kikanishika upande wa kushoto, kuanzia jino la juu mpaka nyuma ya jicho. Nilipokwenda kusujudu kichwa kiligeuka jiwe, nikawa narukuu kwa hofu na kusujudu kwa machozi, na jirani yangu msikitini akadhani nimekuwa mchaji Mungu. Mama alinifukiza majani ya mkaratusi. Alinitia mafuta ya habasoda puani. Mjomba alileta ugoro. Mwalimu mmoja wa kule Chumbageni aliniandikia kombe, nikanywa. Vyote vilinipa nafuu ya nusu saa na matumaini ya siku tatu.

Siku moja mke wangu alifukiza udi chumbani, akaja amejipamba, akaniuliza, "Umesikia, Baba Saidi?" Niliuona moshi. Nikamwambia nimesikia, tena nikamsifu. Huo ndio uongo wa kwanza, na ulikuwa mtamu, maana ulimfurahisha. Sikusikia kitu.

Kazini nikajifunza ujanja. Nilitazama rangi ya usaha. Niliwatazama nzi, maana nzi hawadanganyi. Zaidi ya yote nilimtazama Mzee Semhando usoni, na unyusi wake wa kulia ukipanda nilijua la kujibu. Nilipokuwa na dresa mwingine nilimwachia aseme kwanza. Miezi ikapita hivyo, na nikaanza kujidanganya kwamba pua si kitu kikubwa kama Mzee anavyosema.

Daktari ndiye aliyeniona nikijifuta makamasi kwa mkono wa shati. Akanivuta mpaka ghala la dawa, akafunga mlango kukawa giza, akanitia mdomoni taa ndogo na kuniambia nifumbe midomo. Mzee Semhando alikuwepo. Baadaye aliniambia shavu langu la kulia liliwaka jekundu, na la kushoto likabaki jeusi tii. Daktari akaeleza kwamba ndani ya mfupa wa shavu mna chumba, na chumba kina kijimlango juu. Changu kimeziba na chumba kimejaa usaha. Akaniosha mara mbili kwa sindano ndefu iliyopita puani, maji ya chumvi yakatoka na uchafu ambao sitawaelezea, na baada ya wiki ukajaa tena. Akasema basi, inabaki kupasua. Hospitali ya mjini kuna daktari wa upasuaji. Atainua mdomo wa juu, atakata ufizi juu ya meno, atavunja mfupa kiasi cha ukucha wa kidole gumba, asafishe chumba na kukifungulia mlango wa chini.

"Harufu unasikia?" akauliza.

Mzee Semhando alikuwa amesimama pale pale, ameshika taa. Dresa asiyesikia harufu angepelekwa kufua bendeji, au korona kabisa. Nikajibu nasikia, kidogo kidogo, lakini nasikia.

"Vizuri," akasema Daktari. "Ikishapotea, kurudi kwake ni hesabu ya miezi, si ya miaka. Taratibu, sikuharakishi. Lakini usikae sana."

Kwa hiyo nilijua. Mtu asije akasema sikuambiwa.

Niliogopa kwa sababu nilikuwa nimeuona upasuaji huo. Mwaka uliotangulia nilipelekwa hospitali ya mjini wiki sita kujifunza kazi ya chumba cha upasuaji, na siku moja nikapewa kushika kichwa cha karani mmoja wa reli kwa operesheni hiyo hiyo. Hakulazwa usingizi. Alitiwa pamba za ganzi puani na sindano ufizini, akafunikwa uso wote isipokuwa mdomo na jicho moja. Wakatumia patasi ndogo na nyundo ndogo. Marehemu baba yangu alikuwa seremala, naijua sauti ya mbao inapokubali, na mfupa hukubali kwa sauti ile ile. Karani hakulia. Jicho lake lilinitazama mimi muda wote, maji yakimtoka. Nusu mwaka baadaye nilimkuta sokoni Ngamiani akichagua nguru, akamwinua samaki na kumnusa kabla ya kumlipa muuzaji. Alikuwa mzima kabisa. Nilimwona kwa macho yangu mawili, na bado kilichokaa kichwani mwangu ni lile jicho.

Mara ya kwanza nilisema Ramadhani imekaribia. Mara ya pili shemeji yangu alikuwa anaoa. Mara ya tatu nilifika. Nilikuwa na barua ya Daktari na kifurushi cha nguo, nikakaa kwenye benchi la hospitali ya mjini, na dirishani nikasikia vyuma vikimwagwa kwenye sinia. Nikasimama. Nilitembea mpaka kwa shangazi yangu Chumbageni, nikala wali wake ambao ladha yake sikuipata, nikarudi shambani na kumwambia Daktari kwamba yule mpasuaji yuko likizo. Nyumbani mke wangu alisema, "Uso si ukuta, Baba Saidi, mtu autoboe aweke dirisha." Alisema kwa kunionea huruma. Mimi nililishika neno hilo kama hati ya ruhusa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kifo cha nani.

Yohana alikuwa Mbena, manamba wa kitanda cha nne, kijana wa kukata mkonge. Alijikata kifundo cha mguu kwa kisu chake, akafunga kwa kitambaa na udongo, akaendelea na kazi siku mbili ndipo akaletwa. Alikuwa Mlutheri wa kuimba. Tulipomfunga kidonda aliimba nyimbo za kanisani kwao kwa sauti ya chini, na wagonjwa wa jirani walishajua pa kuitikia, Waislamu nao. Alikuwa akihesabu siku za mkataba wake, arudi kwao akaoe. Siku tatu za mwanzo kidonda kilikuwa na adabu.

Siku ya nne ilikuwa Alhamisi. Adhuhuri ikaja habari kwamba dada yake Mzee Semhando amefariki huko Bonde, ikabidi Mzee aondoke na gari lililokuwa likienda Muheza. Alinijia na kikapu mkononi mpaka kitanda cha nne, nami nimekwisha kufungua bendeji ya Yohana. Akanikabidhi funguo za kabati la dawa. Asipewe mtu, akasema, hata karani akija na barua. Kisha akainama juu ya mguu. Alikaa hapo kiasi cha pumzi moja, akainuka, na unyusi wake wa kulia ulikuwa umepanda.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Akaitikia kwa kichwa, akanipa mkono, akatoka. Dereva alikuwa anapiga honi.

Nikaisogeza bendeji puani. Nilivuta mpaka masikio yakaziba. Hakukuwa na kitu, si ubaya wala uzuri. Kidonda kilikuwa kimevimba kidogo na ngozi pembeni ilikuwa imepauka, lakini nilikuwa nimeona vibaya zaidi ya hapo vikapona. Nilikichukua kile kitabu. Nikaufungua ule wino mwekundu. Ndipo nikakumbuka kwamba Daktari akionyeshwa alama nyekundu huuliza harufu gani, na mimi ningejibu nini? Ningekisia, na nikikosea angenirudisha ghalani kwenye giza na taa yake, na yote yangejulikana. Nikaufunga wino. Nikajiambia kesho nitaona.

Kesho yake Daktari alikuja na haraka, wagonjwa wa homa walikuwa wengi. Alifika kitanda cha nne, akauliza, hiki? Nikasema kinaendelea vizuri. Akapita. Yohana siku hiyo hakuimba, na mimi nikajiambia amechoka.

Jumamosi asubuhi mguu ulikuwa umejaa mpaka gotini, wa rangi ya shaba. Nilipoubonyeza, ngozi ilialika chini ya vidole kama karatasi kavu. Dresa mwenzangu aliingia mlangoni akasimama hapo hapo na kuziba pua kwa kanga ya mtu. Harufu ilikuwa imejaa wodi nzima, na mimi nilikuwa nimekaa katikati yake tangu alfajiri nakunja bendeji. Tukamdunga penisilini yote tuliyokuwa nayo. Tukapata lori la shamba, tukampakia na godoro lake kwenda mjini wakamkate mguu, nami nikapanda nyuma nimempakata kichwa.

Njiani alikuwa na akili zake. Barabara ilikuwa mbovu na kila shimo lilimkata maneno. Akaniambia, "Ndugu dresa, mguu wangu unanuka. Naona aibu. Wewe husikii?"

Nikamwambia, "Sisikii kitu, Yohana. Wallahi sisikii."

Akatabasamu. Akasema ahsante. Alidhani namstiri. Katika miezi yote ile ndilo jibu pekee la kweli nililompa mtu, na alilipokea kama wema wangu. Alikata roho kabla hatujaona nyumba za mjini, na nilimshikilia vile vile kichwa mpaka lori liliposimama.

Mzee Semhando alirudi Jumatatu, na matanga ya dada yake yalikuwa bado hayajatoka machoni. Alikisoma kitabu, akakuta hakuna alama nyekundu, akaniita nje penye kamba za kuanikia bendeji. Hakupaza sauti. Alisema alisikia utamu, akaniuliza, nikamjibu nimesikia, akaondoka na amani. Imekuwaje? Nikamwambia: mzee, ulikuwa unaniagiza funguo. Nilidhani unaniuliza kama nimesikia agizo la funguo.

Aliivuta bendeji moja kavu kambani, akaikunja. Kisha akasema kosa ni lake, amenitwika maneno mawili kwa pumzi moja, na mtu mzima hafanyi hivyo. Siku hiyo hiyo akawakusanya madresa, akapiga marufuku neno "umesikia" mbele ya kidonda. Tuulizane "kinanuka?", tujibu kinanuka au hakinuki. Nilikwenda na sheria hiyo kila nilikohamishwa, nikaileta mpaka kwenu, na mnaifuata kwa kuninung'unikia.

Wiki mbili baada ya kumzika Yohana nilikwenda kupasuliwa. Hakuna aliyenisukuma. Nilimwambia Daktari ukweli wa pua, si ukweli wa Yohana. Nilifunikwa uso nikaachiwa jicho moja, nikamtazama aliyenishika kichwa, patasi ikafanya kazi yake. Niseme wazi kwa wale mnaojadili jambo hili leo na wagonjwa wenu: yalikuwa maumivu ya kuvumilika, na wiki ya tatu kichwa changu kilikuwa chepesi kama cha mtoto. Nilisujudu bila machozi. Usaha haukurudi tena. Kisha Daktari akanifumba macho kwa kitambaa na kunipitishia puani mafuta ya mkaratusi, karafuu, na mwisho ndoo yenyewe ya bendeji. Nikasema sisikii. Akasema ingekuwa mwaka uliopita, labda. Hakusema taratibu.

Watu wakaona nimeingia na pua nikatoka bila pua, wakasema operesheni ndiyo iliyoniua harufu. Sikuwasahihisha, maana ilinifaa. Tangu hapo nilimwomba mwenzangu aninusie kila bendeji, na kila mtu alinipa pole. Nawajua wagonjwa wawili waliokataa kupasuliwa wakitoa mfano wangu. Mmoja wao kipandauso kilimpanda mpaka jicho likafa. Kwa hiyo andikeni, kama mna mahali pa kuandika: patasi haikuniondolea kitu. Mimi ndimi niliyechelewa.

Miaka ile ya hamsini haijaisha, Mzee Semhando akaugua ini. Nilipanda kwenda kumwona kwao Bonde. Alikuwa amekonda, kitandani amewekewa mto wa usufi, na binti yake akatoka kutupisha. Nilikuwa nimekwenda kumwambia. Nilijipanga njia nzima, nikayapanga maneno, la kwanza likiwa jina la Yohana. Hakunipa nafasi. Alinishika mkono, akasema hajawahi kulala vizuri tangu siku ile ya funguo, kwamba alimpoteza kijana wa watu kwa ulimi wake, tena akanitia mimi doa nisilolistahili. Akaniomba msamaha, kama kijana anavyomwomba mzee wake.

Nikamwambia nimekusamehe, baba.

Alilia kwa kushukuru, nami nikanywa chai ya binti yake, nikaondoka, na kabla ya mwezi kuandama akafa. Alhamisi ile, penye kitanda cha Yohana, funguo sikuzifikiria hata kidogo. Niliuona unyusi wake. Nilijua ananiuliza nini.